Mchango ni Amana: Mahusiano Mema Baina ya Madrasa na Wanaoichangia

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema ni Yake Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), ahli zake, masahaba zake na kila aliyefuata njia yao. Ama baad.

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina watu wao Dar es Salaam. Wako Magomeni, Kinondoni, Manzese, Temeke, Tandika na Mbagala. Baadhi yao walianza kusomesha watoto wa jirani barazani au katika chumba cha uwani. Idadi ikaongezeka, mayatima wakaletwa, na leo pana kamati, pana kodi ya pango, pana posho ya maalimu na pana sufuria ya futari kila Ramadhani. Ada za wazee wa watoto hazitoshi. Ndipo watu hupanda boti kuja Visiwani na barua ya mchango mkononi, au hutuma ujumbe wa simu kwa jamaa walioko Muscat, Dubai na London.

Malalamiko tunayoyasikia kutoka pande zote mbili yanafanana. Mtoaji husema: "Nilitoa mwaka juzi, sikusikia neno mpaka Ramadhani iliyofuata, walipokuja kuomba tena." Mwenye madrasa naye husema: "Walituchangia miaka miwili, kisha wakanyamaza, na mimi sina cha kumpa maalimu." Kila mmoja humdhania mwenziwe vibaya, na anayeumia katikati ni mtoto aliyekuwa akisoma.

Makala hii inaeleza namna ya kuyajenga mahusiano hayo yadumu, kwa mujibu wa Sharia na kwa uzoefu wa jamii yetu. Msingi wake ni mmoja: mchango ni amana. Wengi wanaoacha kutoa huacha kwa sababu hawajui walichokitoa kimefika wapi. Mwenye kuilinda amana na kuitolea habari hupata watu wa kudumu naye, hata wakiwa watu wa kipato kidogo. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Allah (Subhanahu wa Taala) ametuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe, na fedha ya mchango imo katika amri hiyo.

Kwanza: ijue fedha uliyopokea ni ya aina gani

Kosa linalovunja mahusiano mengi hutokea siku ya mwanzo, fedha inapopokewa bila ya kuulizwa ni fedha gani. Mtu ametuma shilingi laki tatu, kamati ikasema "Allah akulipe", ikazitia katika mfuko mmoja na nyengine zote. Kumbe katika Sharia fedha hizo hazina hukumu moja.

Zaka ina wenyewe. Suratut-Tawba, aya ya 60, imeyataja mafungu manane, na kwa rai ya madhehebu manne zaka haijengi ukuta wa msikiti wala wa madrasa, kwa sababu inatakiwa imfikie mwenye kustahiki na iwe mali yake. Yatima naye hapewi zaka kwa uyatima wake tu. Hupewa akiwa ni fakiri au maskini. Yatima aliyeachiwa nyumba za kupangisha na marehemu baba yake si mstahiki, ingawa anastahiki kupendwa na kuangaliwa.

Sadaka ya kawaida ina wasaa zaidi. Mtoaji akisema "itumieni mtakavyoona", kamati ina uhuru katika mambo ya kheri ya madrasa ile. Akisema "hii ni ya misahafu", basi ni ya misahafu.

Nadhiri huenda pale ilipowekwa. Aliyeweka nadhiri ya kuwalisha mayatima, fedha yake hailipi umeme.

Wakfu ni mali inayofungwa asili yake na kutumiwa manufaa yake. Mafakihi wana kanuni mashuhuri kwamba sharti la aliyeweka wakfu hufuatwa kama inavyofuatwa nassi ya Sharia, maadamu halikhalifu dini.

Kwa hivyo, madrasa yoyote, hata iwe na watoto 20, iwe na daftari lenye safu mbalimbali: zaka, sadaka ya jumla, sadaka yenye kusudio maalumu, nadhiri, na wakfu. Fedha inapopokewa muulize mtoaji, kwa adabu, "hii ni katika fungu gani?" Swali hilo halimuudhi mtu. Linamjulisha kwamba amefika kwa watu wanaojua wanachokifanya. Na Suratul-Baqara, aya ya 282, imetufundisha kuandika madeni bila ya kuchoka, yawe madogo au makubwa. Mali ya watu iliyo mikononi mwetu nayo yastahiki kuandikwa.

Ikibaki fedha, au haja ikibadilika

Tuchukue mfano. Familia moja ya Chake Chake imetuma shilingi 1,200,000 kununua pampu ya kisima cha madrasa huko Mbagala. Pampu na ufundi vimekamilika kwa shilingi 1,050,000. Zimebaki 150,000, na mwezi huo kamati inadaiwa kodi. Je, inafaa kulipia kodi?

Kamati hapa ni wakala, na wakala hufungwa na mipaka aliyowekewa na aliyemuwakilisha. Mtoaji alisema pampu. Njia iliyo salama ni kumpigia simu: "Kazi imekwisha, zimebaki 150,000, tuna deni la kodi. Unaturuhusu, au tuzirejeshe, au tuziweke kwa matengenezo ya pampu?" Mara nyingi mtoaji atasema lipeni. Lakini hata akisema zirejesheni, kamati imepata kitu kikubwa kuliko hizo laki na nusu, kwani mtu yule hatakuwa na shaka nayo tena.

Kinyume chake, akija kutembea Dar es Salaam akasikia kwa mtu mwengine kwamba fedha ya maji ililipa kodi, hata kama ilikuwa ni haja ya kweli, atahesabu kwamba amefanyiwa khiyana, na ataisimulia kwa jamaa zake.

Kiwanja kwa jina la nani?

Jambo hili linahitaji tahadhari kubwa, khasa katika vitongoji vinavyokua haraka kama vya Temeke na Kinondoni, ambako bei ya ardhi hupanda.

Watu huchanga, kiwanja kikanunuliwa, na hati ya mauziano ikaandikwa jina la maalimu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo na ndiye anayeaminiwa. Michango nayo hutumwa kwenye namba yake ya simu. Maalimu ni mtu mwema na hana nia mbaya. Lakini na yeye atakufa. Siku hiyo warithi wake watakuta kiwanja chenye jina la baba yao na salio katika simu yake. Watajuaje kipi ni mirathi na kipi ni mali ya madrasa? Hapo hutokea mmoja wa mambo mawili: ama wakfu unagawiwa kama urithi, au watoto wa maalimu wanatuhumiwa kuitaka haki yao. Na wachangiaji wakiona hivyo hawarudi.

Dawa yake ni kuisajili taasisi na kuitenga mali yake. Kwa Tanzania Bara, jumuiya za kidini husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Wadhamini husajiliwa RITA, na wakishasajiliwa mali huandikwa kwa jina la bodi yao. Mashirika yasiyo ya kiserikali yana msajili wake chini ya sheria ya 2002. Zanzibar tuna utaratibu wetu, na kwa upande wa wakfu tunayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Taasisi ikishasajiliwa ifungue akaunti ya benki au namba ya malipo kwa jina lake, na fedha zisitoke ila kwa saini za zaidi ya mtu mmoja. Mpaka hilo likamilike, maalimu aandike wasia, mbele ya mashahidi, unaobainisha kwamba kiwanja fulani na fedha fulani si mali yake.

Wenye mashirika yanayopokea misaada mikubwa wajue pia kwamba kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe kwa mamlaka ndani ya siku 10. Na anayewalaza watoto, si kuwasomesha tu, anahitaji leseni ya makao ya watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Mhisani mwenye kufahamu huanza kuuliza karatasi hizi kabla ya kutoa hata shilingi.

Malipo na zawadi za watendaji

Wapo wanaoona kwamba mwenye kusimamia mchango akilipwa chochote amekula haramu. Sivyo. Sayyidna Umar (radhiya Allahu anhu) alipopata ardhi Khaybar alimuendea Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) kutaka ushauri, akaifanya wakfu: haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Katika sharti zake aliruhusu msimamizi ale kwa wema, bila ya kujilimbikizia mali. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Basi msimamizi anaweza kulipwa kwa kiasi kinachojulikana, kilichoamuliwa na kamati na kuandikwa. Kinachoharibu ni malipo ya siri. Ama fungu la zaka la wenye kuitumikia, wanazuoni wengi hawalifungui kwa mtu aliyejiteua mwenyewe kukusanya bila ya kuteuliwa na mamlaka. Kwa hivyo asijikatie asilimia katika zaka za watu. Posho yake itafutwe katika sadaka ya jumla, kwa ridhaa ya watoaji.

Kuhusu zawadi, tunayo hadithi ya Ibn al-Lutbiyya, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Alitumwa kukusanya zaka, akarudi na kusema sehemu hii ni yenu na hii nimezawadiwa mimi. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alisimama juu ya mimbari akalikemea jambo hilo, akauliza kama mtu huyo angelikaa nyumbani kwa wazazi wake zawadi hiyo ingelimfikia. Kiongozi wa madrasa anayepewa bahasha "yako mwenyewe" na mhisani wa madrasa aipime kwa swali hilo, na aijulishe kamati.

Shukrani, dua na habari

Suratut-Tawba, aya ya 103, inamuamrisha Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) achukue sadaka katika mali zao na awaombee dua, na inaeleza kwamba dua yake ni utulivu kwao. Basi kupokea kunafuatana na kuombea. Na imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Allah.

Shukrani zifike kwa kila mtu, ndani ya siku chache. Aliyetuma shilingi 5,000 apate ujumbe kama aliyetuma milioni, kwa jina lake: "Tumepokea 5,000 yako kwa futari. Allah akukubalie." Ujumbe huo hauna gharama.

Kisha itoke taarifa, walau mara mbili kwa mwaka, katika mwezi usiokuwa wa kuomba. Iwe ukurasa mmoja: tulipokea kiasi gani katika kila fungu, tulitumia kwa nini, kimebaki nini, watoto ni wangapi, na jambo gani halikwenda kama tulivyopanga. Hili la mwisho watu hulificha. Kisima kikikosa maji, semeni. Mtoaji akisikia habari mbaya kutoka kwenu kwanza, atawasaidia kutafuta njia. Taarifa isomwe mbele ya wazee wa watoto, ibandikwe ukutani, na itumwe kwa walioko mbali.

Picha za watoto zina adabu yake. Baadhi ya wahisani hutaka video ya yatima akiwataja kwa majina na kuwashukuru. Suratul-Baqara, aya ya 264, inatukataza kuzibatilisha sadaka kwa masimbulizi na maudhi, na mtoto anayepangwa mstari mbele ya simu na mfuko wa unga ameshaudhiwa. Pia, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 2023, inazilinda taarifa za watu, watoto wakiwemo. Pigeni picha ya pampu inayotoa maji, ya darasa lililopigwa plasta, ya stakabadhi. Mtoto abaki na heshima yake.

Msitegemee mlango mmoja

Historia yetu ina mafunzo hapa. East African Muslim Welfare Society iliundwa Mombasa mwaka 1945 chini ya ulezi wa Aga Khan wa tatu, na baadaye makao yake yakahamia Dar es Salaam. Utaratibu wake ulikuwa kwamba Waislamu wakichanga shilingi, Aga Khan huongeza shilingi. Tofauti za kimadhehebu zinajulikana, lakini utaratibu wenyewe una hekima: mfadhili mkubwa alitoa juu ya kile ambacho wenyewe wameshakitoa, kwa hivyo misikiti na skuli zilizojengwa zilikuwa na wenyewe. Jumuiya hiyo ilipigwa marufuku mwishoni mwa 1968 na BAKWATA ikaundwa. Bila ya kuingia katika mjadala wa tukio lile, tunaona kwamba chombo kimoja kilichobeba shughuli nyingi kinaweza kuondoka kwa siku moja.

Mwezi wa Januari 2004, matawi ya Kenya na Tanzania ya taasisi ya Kisaudia iliyoitwa Al-Haramain yaliwekwa katika orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa. Mlango ule ukafungwa, na aliyekuwa hana mwengine alibaki hana kitu.

Tazameni upande wa pili. Dokta Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait, aliyefariki 2013, aliendesha kazi kubwa Afrika iliyosimama kwa michango ya watu wa kawaida wa Kuwait, na alikuwa akija mwenyewe vijijini kuangalia kilichofanyika. Taasisi yake ndiyo iliyofungua chuo cha elimu Chukwani mwaka 1998, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha SUMAIT. Na mpango wa madrasa za watoto wadogo, ulioanza pwani ya Kenya miaka ya 1980 na kufika Zanzibar 1990, uliweka mifuko midogo ambayo jamii huchanga kwanza, mfadhili akaongeza, na fedha zikawekezwa ili mapato yake yaisaidie skuli miaka ya mbele.

Msaada mkubwa ukija, upokewe kwa shukrani. Mfalme Mohammed VI wa Morocco alipozuru Tanzania mwaka 2016 aliahidi msikiti, na leo umesimama Kinondoni, penye makao makuu ya BAKWATA, kwa jina lake. Lakini jengo lolote, liwe kubwa au dogo, lina bili ya maji, lina balbu zinazoungua na lina mfagiaji. Hayo hubebwa na waumini wa mtaa. Madrasa yenye watu 100 wanaotoa 5,000 kila mwezi ina 500,000 ya uhakika, na wakiondoka watatu haifungwi. Yenye mhisani mmoja wa 500,000 hulala na kuamka na hofu. Na ikiwezekana, sehemu ya sadaka ya jumla, kwa ridhaa ya watoaji, inunuliwe kitu cha wakfu: chumba cha duka, minazi, au cherehani, ili madrasa ipate pato lake.

Kwa watoaji

Nasi tunaotoa tuna wajibu. Tubainishe fedha yetu ni ya nini. Tuulize taarifa kwa upole, kwani kuuliza si kutukana, na kamati isione uzito kuulizwa. Tutoe kidogo kidogo kila mwezi, tusingoje Ramadhani peke yake, kwa sababu maalimu hula na katika Mfunguo Tano. Ukiwa Dar es Salaam kwa harusi au matibabu, pita Mbagala au Manzese, keti na watoto, sikiliza wanachosoma. Na ukiona kasoro, izungumze na kamati kabla ya kuipeleka barazani.

Anayetaka kuificha sadaka yake aheshimiwe. Suratul-Baqara, aya ya 271, imesifu kuidhihirisha na ikaeleza kwamba kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Basi asitangazwe kwa kipaza sauti ambaye hakutaka kutangazwa. Aandikwe daftarini tu.

Tunamuomba Allah (Subhanahu wa Taala) awakubalie watoaji, awape uaminifu wapokeaji, na awajaalie watoto wetu wa Visiwani na wa Bara kuwa watu wa Qur'ani.

Wallahu a'lam.